Kwizi kila wiki au testi mbili kwa muhula? Darasa la watu 220, Kanuni za Uhasibu

LejaNaUrari (mleta mada)

Salaam wakuu, hasa mlio kwenye ufundishaji wa vyuo.

Kozi ni Kanuni za Uhasibu, mwaka wa kwanza, wiki 15 za kufundisha. Wanafunzi 220, mhadhara mmoja wa saa mbili kwa wiki na semina ya saa moja. Mhadhiri mmoja, msaidizi mmoja. Mgawanyo ni ule wa vyuo vingi vya Tanzania: alama 40 za muhula, 60 za UE (mtihani wa mwisho wa muhula). Hizo 40 kwa sasa ziko hivi: testi ya kwanza wiki ya 7 (15), testi ya pili wiki ya 14 (15), kazi ya kikundi (10).

Tatizo liko kwenye mpangilio wa kozi yenyewe. Maingizo mawili (kila muamala kuandikwa upande wa debiti na wa krediti) yanafundishwa wiki ya 2 na ya 3, leja wiki ya 4, urari (orodha ya salio za leja, ambapo debiti na krediti zinapaswa kulingana) wiki ya 5, halafu marekebisho, uchakavu na hesabu za mwisho. Asiyejua lini akaunti inadebitiwa na lini inakreditiwa hawezi kufunga leja, na asiyefunga leja hana urari. Lakini sisi tunayaona hayo kwa mara ya kwanza wiki ya 7, na karatasi hadi zisahihishwe zirudi ni wiki ya 10. Hapo tunafundisha uchakavu kwa watu waliokwama wiki ya 3.

Nauliza: testi ziwe ngapi? Kila wiki inawezekana kwa idadi hii bila mhadhiri kuzama kwenye karatasi? Na alama zigawanywe vipi?

---

MezaYaMitihani

Mkuu, kabla ya kuhesabu testi, hesabu siku. Ni siku ngapi zinapita kati ya mwanafunzi kukosea na mwanafunzi kujua kwamba kakosea na kwa nini? Kwa ratiba yako kosa la wiki ya 3 linajulikana wiki ya 10, yaani siku 49. Ukiweka testi nne ambazo kila moja inarudi baada ya wiki tatu, umeongeza kazi na kosa bado linakaa muda mrefu. Kipimo changu ni hiki: pima mara nyingi kadiri unavyoweza kurudisha karatasi kabla ya jaribio linalofuata. Ukishindwa kurudisha, punguza idadi.

Faida ya kupima mara kwa mara haiko kwenye alama tu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University kule St. Louis walionyesha hilo vizuri mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari; kundi moja likakisoma tena, jingine likaandika kila lilichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikumbuka asilimia 81 na waliojipima 75. Baada ya wiki moja kibao kikageuka: waliojipima 56, waliosoma tena 42. Ndiyo maana mtu anayerudia desa mara nne usiku wa kuamkia testi anajiona yuko vizuri, na kesho yake kweli anafanya vizuri, ila UE ikifika kichwa kitupu. Kule kuhangaika kulitoa jibu kichwani ndiko kunakolikaza.

Sasa idadi. Robert Bangert-Drowns na wenzake walikusanya tafiti 35 mwaka 1991 na kukuta kwamba faida kubwa inakuja unapotoka kwenye kutopima kabisa kwenda jaribio moja. Kila unaloongeza linasaidia, lakini kidogo kuliko lililotangulia. Kwa hiyo usitarajie kwamba kutoka 2 kwenda 10 matokeo yatapanda mara tano. Kwa uhasibu, hata hivyo, kila wiki kunalipa kwa sababu uliyoitaja mwenyewe: mada zinabebana, na ya chini ikilegea zote za juu zinaanguka.

Mimi ningepanga hivi:

Wiki ya 2, kwizi ya majaribio isiyo na alama. Usajili unakuwa bado haujatulia, na hiyo wiki unaitumia kujua karatasi zinagawanywaje na kukusanywaje kwa watu 220. Usiiruke.

Wiki ya 3 hadi ya 7 na ya 9 hadi ya 13, kwizi 10, kila moja maswali 10 ya alama 1. Zinahesabiwa 8. Jumla 80, gawanya kwa 5, unapata 16.

Wiki ya 8, testi moja kubwa ya dakika 75, alama 14. Hii ibaki. Kwizi haziwezi kumpima mtu anayetakiwa kuandaa urari mzima, kutafuta tofauti na kuirekebisha.

Kazi ya kikundi alama 10. Jumla 40, na testi ya wiki ya 14 unaifuta. Ukiongeza kwizi bila kupunguza kitu, wanafunzi watakuchukia, na wana haki.

Maswali 10 ya kila kwizi yasiwe yote ya juzi. Weka 6 ya wiki iliyopita, 2 ya wiki mbili nyuma na 2 ya wiki tatu nyuma au zaidi. Nicholas Cepeda na wenzake (2008) walikuta kwamba kwa mtihani ulio siku 70 mbele, marudio yenye faida kubwa ni yale yanayofanyika siku kama 21 baada ya somo la kwanza. Kwizi inayouliza ya wiki iliyopita peke yake inamfundisha mwanafunzi kusahau kwa awamu.

Kuhusu usahihishaji, siri yote iko kwenye umbo la swali. Ukiuliza "eleza maana ya uchakavu", karatasi moja inakula dakika 3. Dakika 660 kwa darasa zima, saa 11, kila wiki. Majibu yakiwa herufi au tarakimu kwenye visanduku vilivyopangwa ukingoni mwa karatasi, karatasi moja ni dakika 1: saa 3 na dakika 40, mkigawana na msaidizi haifiki saa mbili kila mmoja. Chapa kwizi mbili kwenye A4 moja na ukate katikati. Karatasi 110 kwa wiki, 1,100 kwa muhula, rimu mbili na kitu.

Swali la herufi halina maana ya swali rahisi. Mfano:

*Duka la vyakula limenunua samani za ofisi kwa mkopo, sh 850,000. Ingizo sahihi ni lipi?*
A. Debiti Manunuzi, krediti Wadai
B. Debiti Samani, krediti Fedha Taslimu
C. Debiti Wadai, krediti Samani
D. Debiti Samani, krediti Wadai

Jibu ni D. Lakini mali iko kwenye A, B na C. Aliyechagua A hajajua kwamba akaunti ya Manunuzi ni ya bidhaa za kuuza tu. Wa B hakusoma neno "mkopo". Wa C amegeuza pande. Ukihesabu herufi tu, unajua semina ya wiki hii izungumzie nini. Na huyo wa A ni wa kumwahi mapema sana, kwa sababu kosa lake ni kosa la kanuni: urari wake utalingana vizuri kabisa na hautamwambia kitu.

Kwizi ifanyike mwanzo wa mhadhara. Dakika 5 kugawa, 15 kufanya, na ukishakusanya tu, dakika 10 za kupitia majibu ubaoni wakati vichwa bado vina moto. Mhadhara unabaki dakika 90. Zinazofidiwa ni zile dakika za kusoma fasili ambazo tayari zimo kwenye kijitabu.

---

HesabuPwani

Nachangia kutoka Kenya, ambako vyuo vingi CAT (majaribio ya muhula) ni 30 na mtihani wa mwisho 70, lakini hesabu ni ileile.

Mwenzangu amepanga vizuri, ila hapo kwenye "zinahesabiwa 8 kati ya 10" pana shimo. Kufuta mbili za chini kunakuondolea barua za wagonjwa na msiba, hilo ni jambo kubwa, kwa sababu darasa la watu 220 kila wiki lina wasiofika. Tatizo linakuja mwishoni: mwenye kwizi nane nzuri kufikia wiki ya 11 haoni tena sababu ya kufanya za wiki ya 12 na 13. Na hizo ndizo za hesabu za mwisho na mizania, mada nzito kuliko zote.

Dawa yake ni rahisi. Chukua 6 bora kati ya 8 za mwanzo (wiki ya 3 hadi 7 na ya 9 hadi 11), kisha mbili za mwisho ziwe za lazima, hazifutwi. Bado ni 8, bado ni alama 16. Anayekosa ya lazima kwa ugonjwa, alete cheti cha daktari na afanye toleo la akiba utakaloliandaa mara moja tu.

Pia haya yote yaandikwe kwenye muhtasari wa kozi na kupitishwa na idara kabla muhula haujaanza, kisha kila mwanafunzi apewe wiki ya 1. Ukibadilisha mgawanyo wa alama katikati ya muhula, hata kama ni kwa faida yao, atakayefeli atakata rufaa na atashinda.

---

InshaNaHoja

Wakuu, naheshimu hesabu zenu, lakini naomba wasomaji wengine wasiibebe ratiba hii nzima na kuipeleka kwenye kila kozi.

Kwanza, kozi za hoja. Sheria, fasihi, historia, sera. Kwizi ya herufi kila wiki huko inafundisha kukariri majina na miaka, na mwanafunzi husoma kufuatana na anavyopimwa. Kinachotakiwa kupimwa ni uwezo wa kujenga hoja na kuishikilia. Hapo majaribio 3 au 4 ya kuandika aya moja ya maneno 250 hadi 300, yenye maoni ya mwalimu, yanazidi kwizi kumi. Na gharama yake ni kubwa: dakika 8 kwa karatasi mara 220 ni zaidi ya saa 29. Ndiyo maana hayawezi kuwa ya kila wiki. Njia ya kati ni kutoa karatasi moja ya maoni ya pamoja, yenye makosa matano yaliyojirudia na mfano wa aya nzuri, halafu kila mwanafunzi anaandikiwa namba ya kosa lake pembeni.

Pili, na hili linawahusu hata nyie wa uhasibu. Mwanafunzi ana kozi sita. Kila mhadhiri akiamua kwizi kila wiki, ni kwizi 60 kwa muhula. Atakachofanya kinajulikana: atasoma ya kesho na kuacha zote nyingine. Kozi isiyo na kwizi ndiyo itakayonyang'anywa muda, hata kama ni ngumu zaidi. Jambo hili haliwezi kutatuliwa na mwalimu mmoja mmoja. Idara ikae wiki moja kabla ya muhula na jedwali moja la wiki 15, kila kozi iandike majaribio yake, na pawe na kikomo cha majaribio mawili yenye alama kwa wiki kwa darasa moja. Tukishindana nani ana kwizi nyingi, anayeumia ni kijana wa watu.

---

LejaNaUrari

Shukrani sana wakuu. InshaNaHoja, suala la jedwali la idara nalichukua. Kikomo cha mawili kikipita, basi uhasibu ichukue nafasi moja na kozi nyingine zipokezane ile ya pili.

Mawili yamebaki. Ukumbi una viti vilivyobanana, kuangalizia ni rahisi mno. Je, tuhamishie kwizi kwenye Moodle (mfumo wa masomo wa mtandaoni) wafanye wakiwa hosteli? Na ziwe za kushtukiza au za kutangazwa?

---

BenkiYaMaswali

Moodle na karatasi vifanye kazi mbili tofauti. Kwizi yenye alama ikifanyika hosteli, swali la kwanza linapigwa picha na kuingia kwenye kundi la WhatsApp kabla wa mwisho hajafungua. Ubaki na karatasi kwa alama 16, Moodle iwe ya mazoezi, na alama zake ziwe sifuri au ndogo sana kiasi kwamba kuiba hakulipi.

Kwa mazoezi hayo, mpangilio unaofaa:

Tengeneza benki kwa mada, angalau maswali 15 kwa kila mada, na kwizi ivute 3 kwa bahati nasibu. Ukiwa na maswali 5 tu, jaribio la pili litakuwa marudio ya la kwanza.

Iwe wazi kwa saa 48, lakini mtu akianza ana dakika 20. Saa 48 ni kwa ajili ya umeme kukatika na bando kuisha. Ukifungua kwa saa moja tu, utakuwa unapima mtandao.

Ruhusu kurudia, hesabu alama ya juu kabisa, na weka kizuizi cha saa 6 kati ya jaribio na jaribio. Bila kizuizi hicho watabofya hadi herufi sahihi ijitokeze.

Kwa kila jibu lisilo sahihi andika maelezo ya kosa, na jibu lenyewe lifichwe mpaka kwizi ifungwe.

Maswali ya hesabu yape namba zinazobadilika. Mfano: mashine ya sh 6,000,000, uchakavu wa asilimia 20 kwa njia ya salio linalopungua, uchakavu wa mwaka wa pili ni kiasi gani? Jibu ni 960,000. Atakayeandika 1,200,000 amerudi kwenye bei ya kununulia badala ya salio la 4,800,000, na maelezo yako yamwambie hivyohivyo. Waelekeze waandike tarakimu tupu, bila koma na bila "sh", la sivyo malalamiko ya wiki ya kwanza yote yatakuwa ya koma.

Kuangalizia ukumbini: matoleo mawili, A na B, yakigawanywa kwa kupishana kiti kwa kiti. Badilisha mpangilio wa maswali na tarakimu, mada ziwe zilezile. Alama ya toleo iwe ndogo, chini kabisa ya ukurasa, isionekane na jirani. Usiandae matoleo manne. Faida ya ziada ni ndogo, na wakati wa kusahihisha utachanganya majibu.

Kuna jambo halijaguswa: ubora wa maswali yenyewe. Kwizi ikishasahihishwa, panga karatasi kwa alama, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Kwa watu 220 ni 59 kila upande. Kwa kila swali hesabu waliopata. Wakiwa 50 juu na 23 chini, toa, gawanya kwa 59, unapata 0.46: swali zuri, linatenganisha anayejua na asiyejua. Wakiwa 30 juu na 33 chini, ni hasi: ama mwongozo wako wa usahihishaji umekosea, ama swali lina majibu mawili. Lifute, mpe kila mtu alama hiyo, na tangaza. Swali lenye 0.3 kwenda juu lirudi benki litumike mwakani. Chini ya 0.2, liandike upya. Kazi hii ni nusu saa kwa kwizi, na baada ya mihula miwili unakuwa na benki unayoiamini.

Halafu usisahau kubahatisha. Maswali 10 yenye majibu manne, asiyejua chochote anapata wastani wa 2.5. Kwa hiyo 3 kati ya 10 isisomwe kama "anajua kidogo". Weka angalau maswali 4 ya kuandika tarakimu ili sakafu hiyo ishuke.

---

MezaYaMitihani

Nijibu la kushtukiza. Zitangazwe, siku na saa zijulikane tangu wiki ya 1. Unachotaka ni wajisomee kabla ya kuja, na mtu hajiandai kwa kitu asichokijua. Ya kushtukiza inaishia kupima nani kahudhuria.

Halafu kuhusu maswali ya kuandika tarakimu aliyoshauri BenkiYaMaswali, yasiwe ya hatua nyingi. Swali moja, hatua moja au mbili, kwa sababu kwenye kwizi humpi alama za njia. Hesabu ya hatua tano unaipeleka testi ya wiki ya 8.

---

HesabuPwani

La mwisho kwangu ni karatasi zenyewe, maana hapo ndipo kwizi za kila wiki huwa zinafia. Kila mstari wa viti upitishe karatasi kwenda kushoto, wa mwisho kushoto azipange na kumkabidhi CR (kiongozi wa darasa), zisizunguke ukumbini. Kwenye karatasi iandikwe namba ya usajili tu, bila jina, na tarakimu mbili za mwisho za namba hiyo ziandikwe kubwa kwenye kona ya juu kulia. Msaidizi anazipanga kwa tarakimu hizo kwenye mafungu kumi kabla ya kuingiza alama, vinginevyo kutafuta namba 220 kwenye orodha kunachukua muda kuliko kusahihisha. Zirudishwe kwenye semina, kwa makundi, ambako mtu anaweza kuuliza la kwake palepale. Na anayepata chini ya 4 kwenye kwizi ya wiki ya 3 na ya wiki ya 4 aitwe semina ya ziada wiki ya 5, kabla hamjagusa urari.